Poka isiyo na kikomo cha dau: ujuzi au bahati? Kwanza tuambizane, kwa mikono mingapi?

Karata Baridi (mtoa mada):
Wakuu, salaam. Kila inapotajwa poka mjadala ni uleule. Kuna wanaosema ni kamari tupu, itiwe kapu moja na gurudumu na mashine za kubonyeza. Wengine wanasema ni mchezo wa akili kama sataranji, serikali ikae mbali. Nimecheza mezani miaka sita na naona pande zote mbili zinalikwepa swali moja: ujuzi huo unaonekana baada ya mikono mingapi? Mkono ni mgao mmoja, tangu karata zigawiwe hadi mshindi apatikane.

Mahakama zenyewe zimevutana. Mwaka 2012 huko Marekani, Jaji Jack Weinstein aliamua kwenye kesi ya DiCristina kwamba katika Texas Hold'em (poka ambayo kila mtu ana karata mbili zake, na tano za mezani ni za wote) ujuzi unazidi bahati, kwa hiyo sheria ya shirikisho dhidi ya biashara za kamari haiugusi mchezo huo. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikatengua. Haikusema ujuzi haupo. Ilisema sheria ile haiulizi habari za ujuzi.

Sasa hesabu. Tuseme mchezaji ni mzuri kweli, anapata faida ya madau makubwa ya lazima 5 kwa kila mikono 100 (dau hilo mchezaji mmoja hulazimika kuliweka kabla ya mgao, na ndilo kipimo chetu hapa). Mtikisiko wa kupanda na kushuka kwa mikono hiyo 100 tuuweke 90, ambao ni wa kawaida kwenye mchezo huu. Baada ya mikono 10,000 anatarajiwa kuwa juu kwa 500, lakini mtikisiko, ambao hukua polepole kuliko mikono (mikono mara 100, wenyewe mara 10), umefika 900. Maana yake, katika wachezaji wazuri kumi, karibu watatu wako kwenye hasara. Na mezani, kwa mikono 30 hivi kwa saa, hizo 10,000 ni zaidi ya saa 330. Akifika 100,000 ndipo wenye hasara wanabaki kama wanne kwa mia.

Kwa hiyo usiku mmoja ni bahati, miaka kadhaa ni ujuzi. Anayebisha aje na namba.

Shupaza:
Namba zako nzuri mkuu, ila watu hawachezi mikono 100,000. Wanacheza Ijumaa usiku. Chukua fainali ya mashindano makuu ya dunia mwaka 2000. T.J. Cloutier ana ree na malkia, Chris Ferguson ana ree na tisa, kete zote, yaani vibao vya kuwekea dau, ziko katikati. Karata nne zinafunguliwa, Cloutier bado yuko mbele. Ya tano inatoka tisa. Ubingwa umeondoka. Hapo ujuzi ulikuwa wapi?

Karata Baridi:
Kwenye ile tisa haukuwepo, nakubali. Lakini wewe umechukua mkono ambao kete zote zilishaingia kabla karata hazijafunguliwa. Hapo wote wawili ni watazamaji kama mimi na wewe. Chukua fainali ya 2003. Mezani kuna tisa, mbili, sita, nane na tatu. Sam Farha ana malkia na tisa, yaani jozi ya tisa, jozi kubwa kabisa inayoweza kutokana na zile karata za mezani. Chris Moneymaker, mhasibu aliyefika hapo kupitia mashindano madogo ya intaneti, ana mfalme na saba. Alikuwa akiwinda shupaza tano au mfululizo, vyote vimemkosa. Mkononi hana hata jozi. Akasukuma kete zote. Farha akafikiri, akatupa karata zake, yaani akajitoa.

Karata zilimpa Farha ushindi, dau likamnyang'anya. Ndiyo tofauti ya mchezo usio na kikomo: mikono mingi inaisha bila mtu kuonyesha alichoshika.

Shupaza:
Na Farha angelipa, yaani angeweka kete za kulingana, tungesema Moneymaker mjinga.

Karata Baridi:
Tungesema, na tungekosea. Mkwara, yaani kuweka dau bila karata nzuri ili mwenzako atupe, haupimwi kwa mara moja.

Bi Hesabu:
Niingie hapo hapo kwenye mkwara, maana naona mnabishana kwa majina ya mabingwa wakati mtu anayetaka kuboresha mchezo wake anahitaji kitu cha kushika mkononi.

Mezani kuna kete 100. Mwenzako anaweka 50. Wewe una kopa nne ukijumlisha za mezani, ya tano ikija unashinda, imebaki karata moja, na una uhakika sasa hivi uko nyuma. Unalipa? Watu wengi wanalipa kwa sababu "kopa zinakuja tu". Kopa zilizobaki ni 9, karata usizoziona ni 46. Hiyo ni asilimia 19.6. Bei unayotozwa ni 50 ili kuwania jumla ya 200, yaani unahitaji asilimia 25. Unatupa. Labda uamini kwamba kopa ikitoka utamchuna kete nyingine 56 hivi, hapo hesabu inasawazika. Lakini jiulize kwa ukweli: kopa ya tatu ikilala mezani, huyu mtu ataendelea kukulipa?

Angeweka 25 tu? Unahitaji asilimia 16.7. Unalipa bila kuumiza kichwa. Karata ni zilezile, mtu ni yuleyule, bei ndiyo imebadilika. Mchezaji mchanga anatazama karata zake, aliyeiva anatazama bei.

Mkwara nao vivyo hivyo. Ukiweka 50 kwenye 100, unahitaji atupe mara moja kati ya tatu ili usipoteze. Ukiweka 100 kamili, nusu ya mara. Kwa hiyo kabla hujasukuma, swali si "nina ujasiri?" Swali ni: huyu mtu anatupa mara ngapi? Kuna watu hawatupi kamwe. Kumpigia mkwara mtu asiyetupa ni kumzawadia, na hilo nimelifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Programu Kwanza:
Bi Hesabu umesema vizuri, lakini zama hizo zimepita. Libratus ilimaliza ubishi. Januari 2017, Pittsburgh, mashine ya Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Carnegie Mellon ilicheza dhidi ya mabingwa wanne, mmoja mmoja, mikono 120,000 kwa siku 20. Ikaondoka na faida ya kete zaidi ya milioni 1.7. Na bahati walijitahidi kuipunguza: mgao uleule ulichezwa mara mbili na wachezaji wawili tofauti, karata za mashine huku zikiwa za binadamu kule. Mwaka 2019 ikaja Pluribus, meza ya watu sita. Anayetaka kupanda leo afungue programu ya kukokotoa, akariri majedwali yake ya karata zipi zichezwe vipi. Habari za kusoma macho ya mtu ni hadithi.

Bi Hesabu:
Mwanangu, majedwali yanakufundisha kucheza ili usidhulumike na mtu asiyekosea. Kwenye meza ndogo unakaa na watu wanaokosea kila dakika kumi. Mtu analipa kila kitu mpaka karata ya mwisho, wewe unampigia mkwara kwa sababu jedwali limesema asilimia thelathini ya mikono hii iwe mkwara! Jedwali halijamwona huyo mtu. Mimi programu ninazo, natumia kujua wapi nilikosea baada ya mchezo. Kuitazama wakati unacheza na wenzako ni wizi, hilo tusifiche.

Programu Kwanza:
Kuhusu wizi tuko pamoja. Hilo lingine sikubali. Usipojua mchezo sawia, yaani huo usiodhulumika, ni upi, utajuaje nani ameuacha na ameuacha kwa kiasi gani?

Bi Hesabu:
Hapo una hoja. Ijulikane tu kwamba ni kipimo, si amri.

Kaka Mkubwa:
Nimesoma kimya. Mimi sichezi. Mdogo wangu alicheza. Angekuwa anacheza gurudumu angejua anapoteza kwa bahati mbaya na pengine angechoka. Kilichomshika kitini ni neno hilo mnalolitukuza, ujuzi. Kila akipoteza alisema "nilicheza sawa, karata zilinigeuka". Alikuwa na vitabu, alikuwa na daftari. Akauza pikipiki aliyokuwa akifanyia kazi. Sasa nyie mnapoiambia serikali ni mchezo wa akili, mnajua kila mtu mezani anajiona ndiye mwenye akili?

Karata Baridi:
Kaka, pole sana. Na hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu. Niongezee uzito: mwenye meza anakata. Mahali pengi anachukua kama asilimia 5 ya kila kilichochezewa, mpaka kiwango fulani. Faida yangu inatoka mfukoni mwa mwenzangu, haidondoki kutoka juu, na njiani imemegwa. Hata watu wote tisa wawe mabingwa, jumla yao ni hasara. Kwa hiyo wengi wanapoteza, na hilo haliondolewi na hoja ya ujuzi.

Ndiyo maana mimi siombi poka iachiwe huru. Udereva ni ujuzi na bado una leseni. Ninachokataa ni sheria inayouliza "ujuzi au bahati" kana kwamba jibu ni moja kwa mkono mmoja na kwa mikono laki moja.

Kaka Mkubwa:
Umri wa chini na ukomo wa mtu kupoteza kwa mwezi viwekwe, hayo mengine mtaendelea kubishana.

Karata Baridi:
Ukomo wa hasara naunga mkono. Ule wa mashindano tayari upo kwa asili yake, ukishalipa kiingilio huwezi kupoteza zaidi, labda yawe yanayoruhusu kuingia tena. Tatizo ni meza za kete za fedha taslimu, ambako mtu anaingiza mkono mfukoni tena na tena.

Shupaza:
Mtoa mada, swali la mwisho. Umetushika na mikono laki moja tangu asubuhi. Wewe mwenyewe umeandika mingapi, na umepata nini?

Karata Baridi:
Daftari langu lina 41,000 na kidogo. Faida madau 2.5 kwa mia, jumla niko juu kwa kama 1,025.

Shupaza:
Basi wewe ni mjuzi.

Karata Baridi:
Mtikisiko wa kawaida kwa mikono hiyo ni kama 1,800, mkuu. Mtu asiye na ujuzi wowote wa kumzidi mwenzake angeweza kuwa na daftari kama langu. Niulize tena baada ya miaka tisa.