Naomba ushauri: majani ya vuli ya kumtumia Bibi Tanga

Habari za humu, ndugu zangu. Naishi Minneapolis, Marekani, na wanangu wawili, wa miaka 5 na 8. Jumamosi tulikwenda kwenye maporomoko ya Minnehaha. Huku ni vuli, majira ya majani kupukutika kabla ya baridi, na miti ya maple imewaka nyekundu na rangi ya chungwa. Mdogo alijaza majani mifukoni mwa koti, akasema ni ya Bibi wa Tanga, maana Bibi hajawahi kuuona mti wa namna hii.

Niliyabana ndani ya kitabu kizito. Siku ya nne wekundu umekuwa kahawia. Mtoto alipoligusa moja likavunjika vipandevipande, akalia sana. Iliniuma.

Wapo wanaoyapiga pasi katikati ya karatasi za nta, wengine huyaloweka kwenye maji yenye gliserini. Mliojaribu, njia ipi inatunza rangi? Pasi iwe ya moto kiasi gani? Na je, posta wanaruhusu majani makavu kwenda Tanzania, au nitengeneze kadi ya picha?

Halafu boga la kuchonga sura, lile pambo la sikukuu ya Halloween: nyama yake inafaa kupikwa kwa tui? Naona uchungu kuitupa.