Kanisa Katoliki kongwe kuliko yote Mtwara mjini ni lipi? Naombeni historia

Mwanakwaya wa Chikongola

Habari za jioni wakuu, na kwa wenzangu tumsifu Yesu Kristo. Naombeni msaada wenu, jumuiya zetu zina shindano la maswali ya historia na mimi nimepewa watoto wa kipaimara niwaandae. Kuna swali moja limenitoa jasho: parokia ya kwanza ya Wakatoliki hapa Mtwara mjini ni ipi na ilianza lini. Nimeuliza watu wazima watatu nimepata majibu matatu, wa kwanza kasema ni hapo kwenye kanisa kuu letu la Watakatifu Wote, wa pili kasema Ndanda, wa tatu ni mama mmoja namheshimu sana anauza samaki, huyo kakomaa kabisa kwamba ni Masasi na kwamba kanisa lilikuwepo kabla hata Mjerumani hajafika. Nimeingia kwenye intaneti nakutana na Kiingereza na Kijerumani tupu. Halafu jana mtoto mmoja kaniuliza, dada kwani mapadre wa kwanza walishukia hapa bandarini? Nikabaki namwangalia. Sitaki kuwalisha watoto maneno ya kubahatisha, mwenye kujua aniambie.

Babu Ligula

Mjukuu wangu, marahaba kwa shikamoo ambayo hujaitoa ila naipokea. Swali lako ni zuri ila wewe unatafuta kanisa la kale kwenye mji ambao wenyewe sio wa kale. Mtwara hii ya Shangani, Ligula na Chikongola imekuja juu kwa sababu ya mradi wa karanga wa Mwingereza baada ya vita ya pili ya dunia, karanga zilime Nachingwea huko, reli izishushe, meli zizibebe hapa, ndo maana ikajengwa bandari ya maji marefu. Karanga zikagoma, reli ikaja kung'olewa, mji ukabaki. Kabla ya hapo ukisema mji huku chini ulikuwa unasema Mikindani, na Lindi.

Sasa kamata miaka hii. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia, yaani wamisionari watawa wa Kijerumani, waliingia nchi hii 1888 wakaanzia Pugu pale nje ya Dar es Salaam. Januari 1889 ile vita ya Abushiri, ya watu wa pwani kumpinga Mjerumani, ikawakuta, misheni ikachomwa na baadhi yao wakauawa. Walipokuja kugeukia kusini hawakujenga pwani, walipanda bara. Misheni ya Lukuledi ilifunguliwa 1895, hiyo ipo ukitoka Masasi unaelekea Nachingwea. Mwaka uliofuata, 1896, wakafungua Nyangao. Ndanda ikaja 1906. Kwa hiyo kanisa kongwe la kusini hulipati mjini, lipo barabara ya kwenda Masasi na kule mbele yake.

Na kwanini bara? Huku pwani Uislamu ulikuwa umeshakaa karne na karne, Kilwa, Lindi, Mikindani, watu wana misikiti yao, walimu wao na vyuo vyao. Mgeni akafuata bonde la mto Lukuledi, ule unaomwaga maji Lindi, akaenda kukaa na Wamwera, Wayao na Wamakua. Huyo mtoto mwambie bandari ya Mtwara haikuwepo, mlango wa misheni ulikuwa Lindi.

Salome M. (Masasi)

Naomba nimtetee mama wa samaki kidogo maana hajakosea sana. Masasi kweli ni ya zamani zaidi, ilianza 1876, Askofu Steere alikuja na watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar wakakaa pale chini ya mawe yetu. Na kweli Mjerumani alikuwa bado. Wakavamiwa na Wangoni 1882, watu wengine wakachukuliwa mateka, wakaanza upya. Ila hao ni UMCA, yaani Anglikana, sio Katoliki. Mimi ni Mwanglikana wa kizazi cha nne na huwa inaniuma watu wakituchanganya, lakini ukiuliza "kanisa la kwanza huku kusini" bila kusema la nani basi jibu la mama ndo lenyewe. Kwenye shindano waandike neno Katoliki lionekane.

Mjukuu wa Nyangao

Nimesoma nikashindwa kulala bila kuandika. Babu Ligula kasema vizuri ila amepita haraka pale ambapo sisi wa Nyangao huwa hatuwezi kupita haraka. Ukisema kongwe lazima useme unamaanisha misheni au unamaanisha jengo, kwa sababu kati ya 1896 na leo kuna 1905.

Maji Maji ilianzia Umatumbi mwezi wa saba 1905, ikashuka huku kama moto wa kiangazi. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss, huyu ndiye aliyeanzisha Peramiho 1898, alikuwa anatoka Kilwa anaelekea upande wa Liwale na mabruda wawili na masista wawili, wakauawa wote watano sehemu inaitwa Mikukuyumbu. Wiki kama mbili baadaye vita ikafika kwetu. Misheni ya Nyangao ikachomwa, na Sista Walburga Diepolder akauawa katika ile hali ya kukimbia. Lukuledi nayo ikateketezwa, na hata Masasi ya kina Salome haikusalimika. Kwa hiyo zile nyumba za kwanza kabisa, za 1895 na 1896, ziliishia majivu. Ndanda ya 1906 ilizaliwa kutokana na huo moto, Thomas Spreiter aliyekuja kuwa askofu baada ya Spiss akaenda kuanza pale chini ya mlima wa Makonde kwenye chemchemi.

Ila naomba mtu anayefundisha watoto asiwaambie kwamba babu zetu walikuwa washenzi waliochoma kanisa, nimesikia hilo likisemwa na lilinichoma moyo. Watu walikuwa wanalimishwa pamba kwa viboko, wanadaiwa kodi, na mbele ya macho yao mzungu wa boma na mzungu wa misheni walikuwa rangi moja na lugha moja. Bibi yangu aliyenilea alikuwa Mmwera na Mkatoliki wa rozari kila jioni, na alikuwa akifika kwenye habari za Maji Maji anawaombea waliouawa misheni halafu palepale bila kubadilisha sauti anawaombea waliokufa kwa njaa baada ya vita, maana Mjerumani alichoma vyakula na mashamba na njaa ikaua watu kuliko risasi. Alikuwa anasema kwa pumzi moja, ni marehemu wetu wote. Hivyo ndo nilivyofundishwa historia ya kanisa la kwetu na sijaona mahali imefundishwa vizuri zaidi.

Fundi Abdul

Mimi ni Muislamu lakini nimezaliwa Mtama hapo jirani. Ongezeni na 1917, ile vita ya Mahiwa, Oktoba, Mwingereza na Mjerumani walipigana siku nne hapo hapo Mahiwa na Nyangao, watu walikufa vibaya. Kwa hiyo hiyo misheni imeshuhudia moto mara mbili ndani ya miaka kumi na mbili. Sisi tukiumwa tunapelekwa St. Walburg Nyangao mpaka leo, hakuna anayeulizwa dini mlangoni.

Mwanakwaya wa Chikongola

Shikamoo babu, nisamehe sana niliingia na haraka zangu. Da Salome asante, mama wa samaki nitampelekea salamu zako atafurahi. Mjukuu wa Nyangao umeniliza kweli.

Sasa naomba nielewe, Mtwara mjini ilikuwa chini ya nani miaka yote hiyo? Na ntapata wapi uthibitisho wa maandishi, maana waamuzi wa shindano wanaweza kunibishia.

Babu Ligula

Marahaba mjukuu. Uongozi ulikuwa bara huko huko. 1913 huku kusini kukatengwa na Dar es Salaam kwa jina la Lindi, baadaye 1931 Ndanda ikawa abasia, yaani monasteri, inayojitegemea kama jimbo, abate mkuu wake ndiye mchungaji wa eneo zima. Imeenda hivyo mpaka 1972, ndo likazaliwa jimbo la Mtwara. Unaona ilivyopinduka? Mji mtoto akapewa kiti cha askofu, na wazazi wake wakabaki kuwa parokia za barabarani.

Uthibitisho upo kwenye daftari la ubatizo. Mimi nilipokuwa natafuta cheti cha baba yangu kwa ajili ya ndoa yangu, paroko alinitolea daftari kubwa la jalada gumu, kona zimeliwa na mchwa, wino umegeuka rangi ya kutu. Maandishi ya Kilatini, safu ya jina, ya wazazi, ya msimamizi. Baba kaandikwa jina la ubatizo la kizungu, pembeni yake jina la kikwetu ambalo padre aliliandika kama alivyolisikia, yaani amekosea herufi mbili, lakini kijiji kipo sawasawa na jina la bibi yangu lipo. Nilisimama pale nimeshika ukurasa mpaka paroko akaniletea kiti. Nenda Nyangao au Lukuledi, omba kwa adabu, piga simu ofisini kwanza usivamie tu.

Mwanakwaya wa Chikongola

Basi watoto ntawaandikia hivi: parokia mama za Wakatoliki kusini ni Lukuledi 1895 na Nyangao 1896, majengo ya kwanza yalichomwa 1905, Mtwara mjini ni mtoto wao. Na majina ya marehemu wa pande zote ntawaambia tuwaombee kabla ya kuanza kipindi. Nyangao nataka niende mwenyewe na watoto wawili watatu wakubwa wakaone, shida nauli.

Fundi Abdul

Dada, msimu huu wa korosho gari zinashuka bandarini zimejaa, zinapanda tupu. Mjomba wangu ana fuso inapanda Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, mbele wanakaa watatu. Nitumie ujumbe pembeni nikupe namba yake, nyie mtashuka Nyangao barabarani.

Mjukuu wa Nyangao

Mkishuka niambieni, dada yangu anakaa karibu na misheni, atawapokea na chai. Mje na daftari na kalamu.