Naombeni ushauri: kuifungulia programu ya kawaida majedwali ghafi ya fimwea kwenye Linux

Mtunza_Mitambo: Wakuu, habari za jioni. Nina programu inayopaswa kusoma namba ya utambulisho ya kompyuta kutoka katika majedwali ya SMBIOS, yaani yale ambayo fimwea (programu ya ndani ya mashine inayoanza kabla ya mfumo endeshi) huyaacha kwenye kumbukumbu ili mfumo endeshi uyakute. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, huyatoa yakiwa ghafi katika /sys/firmware/dmi/tables, lakini mafaili yake yana ruhusa 0400, kwa hiyo ni ruti (msimamizi mkuu wa mfumo) peke yake anayeyasoma. Nafikiria kuandika moduli ya kerneli (kipande kinachoongezwa ndani yake) itakayoyatoa upya kwa kila mtumiaji. Je, kuna njia iliyo salama zaidi? Muda umenibana na usingizi sipati.

Bitozi_wa_Biti: Mkuu, nyinyi mmekuta mambo yameshalainishwa. Kabla ya kerneli 4.2 ya mwaka 2015, dmidecode, programu ya kusoma majedwali hayo, ilikuwa inachimba /dev/mem, yaani kumbukumbu ya mashine moja kwa moja, ikiitafuta alama ya _SM_ inayoonyesha yalipo, kati ya 0xF0000 na 0xFFFFF. Nakumbuka seva moja iliyojitambulisha kwa namba "To Be Filled By O.E.M.", niliisajili hivyo hivyo na bosi akatia saini.

Mama_Seva: Swali ni la ruhusa, si la historia. Ukiangalia /sys/class/dmi/id utaona product_name inasomwa na kila mtu, ilhali product_serial na product_uuid zimefungwa kwa makusudi, kwa sababu namba hizo humtambulisha mwenye mashine hata akifuta diski nzima. Kompyuta hizo ni za nani?

Mtunza_Mitambo: Ni za kufanyia mitihani chuoni. Kusema kweli nimeshaanza kazi: mfumo ukiwaka, hati yangu inaweka 0444 (kila mtu asome) kwenye majedwali ya DMI, ndiyo hayo ya SMBIOS, na ya ACPI, yale ya fimwea yanayohusu umeme na vifaa, na inarudia kila mara kwa kuwa ruhusa za sysfs, yaani mafaili ya /sys, hazidumu mashine ikizimwa. Hakuna aliyelalamika hadi sasa.

Mama_Seva: ACPI imeingiaje hapa? Namba ya mashine haiko huko. Na hukujibu nilichouliza.

Mtunza_Mitambo: Haya. Laptopu ni za wanafunzi wenyewe, na mkuu wangu anataka tukusanye pia ufunguo wa Windows ulio katika jedwali la MSDM, mojawapo ya yale ya ACPI, eti kwa ajili ya takwimu za leseni. Wanafunzi walisaini fomu ya mtihani, kwa hiyo sioni kosa.

Mzee_Kiungo: Kijana wangu, mtu aliyekubali mashine yake itumike kwa saa za mtihani hakukukabidhi leseni aliyoinunua pamoja nayo. Huo ni upekuzi, hata ukiuita takwimu.

Shaka_Kidogo: Mimi naona hadithi hii imetungwa. Ni chuo gani ambacho kila mwanafunzi ana Linux kwenye laptopu yake? Nitajieni nikajiandikishe kesho. Kama wanatumia Windows, hiyo /sys yenyewe haipo.

Mtunza_Mitambo: Sijatunga chochote. Wanawasha laptopu kwa flashi ya mtihani yenye Linux ndani yake, ambayo tumeitengeneza sisi. Windows yao haiguswi.

Mama_Seva: Kama flashi ni yenu, basi moduli ya nini? Kwanza, mashine zenye Secure Boot (ulinzi wa kuzuia programu zisizo na saini wakati wa kuwaka) zitaikataa moduli isiyo na saini. Weka huduma ndogo ya systemd (programu inayoanzisha huduma za Linux) inayoendeshwa kama ruti mfumo unapowaka, isome product_serial peke yake, kisha iiandike ndani ya /run, folda ya muda inayofutika mashine ikizimwa, katika faili ambalo ni mtumiaji wa programu yako tu anayeruhusiwa kulisoma. Ile chmod, amri ya kubadili ruhusa iliyo katika hati yako, uifute yote. Ufunguo ulio katika MSDM ni herufi 29 pamoja na vistari, maandishi wazi kabisa, na kwa 0444 hata kivinjari kilichoingiliwa ndani ya flashi hiyo kinaweza kuusoma.

Mtunza_Mitambo: DMI nitaifunga leo. ACPI ndiyo ngumu, maana nimeagizwa.

Shaka_Kidogo: Agizo liko kwenye karatasi?

Mtunza_Mitambo: Aliniambia kwa mdomo, tukiwa koridoni.

Mama_Seva: Basi mwombe aliandike na alitie saini, na ufunguo wa Windows utajwe waziwazi katika fomu ya wanafunzi. Asipoandika, iache 0400 kama kerneli ilivyoiweka.