Mpwa wangu wa miaka 16 anashtakiwa kwa kuwaua wazazi wake: je, ninaweza kusimama naye bila kumsaliti dada yangu?

Mjomba Mtu aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninaandika nikiwa na mzigo ambao sijui niutue wapi. Dada yangu na mume wake waliuawa usiku mmoja nyumbani kwao, na aliyekamatwa kesho yake ni mtoto wao wa kwanza, mwenye umri wa miaka 16. Polisi wanasema amekiri. Mtoto mwenyewe, nilipopata nafasi ya kuzungumza naye kwa muda mfupi mbele ya askari, aliniambia kwamba alisema yale aliyotakiwa kuyasema ili aachwe alale. Kabla sijamuuliza zaidi, muda ukawa umekwisha.

Ukoo umegawanyika. Upande wa shemeji yangu hawataki hata jina la kijana litajwe mbele yao, na baadhi ya ndugu zangu wa tumbo moja wananiambia kwamba nikimtafutia wakili nitakuwa nimemzika dada yetu mara ya pili. Zaidi ya hayo, mdogo wake wa kike, ambaye ana miaka tisa na alikuwamo ndani ya nyumba usiku ule, kwa sasa anaishi kwangu.

Naomba kueleweshwa mambo haya. Je, mtoto akishakiri polisi, kuna kesi iliyobaki? Je, atahukumiwa kama mtu mzima? Na mimi, ambaye huenda nikaitwa na upande wa mashtaka kueleza maisha ya nyumba ile, ninaruhusiwa kumsaidia? Sijui kama alitenda au hakutenda, na sitaki kujifanya ninajua.

Mtetezi wa Watoto alijibu:

Pole sana kwa msiba, kaka. Nimewatetea watoto mahakamani kwa muda mrefu, na nitaanza na suala la kukiri, kwa kuwa mara nyingi ndilo linaloamua kesi za aina hii.

Kukiri ni ushahidi mzito, lakini hakufungi kesi. Katika mahakama nyingi, wakili akipinga maelezo ya mshtakiwa kwa hoja kwamba hayakutolewa kwa hiari, jaji huisimamisha kwanza kesi ya msingi na kusikiliza kesi ndogo ndani ya kesi, ambamo askari waliomhoji huulizwa mmoja baada ya mwingine: mahojiano yalianza saa ngapi, nani alikuwapo, mtoto alikula, alilala, aliahidiwa nini, aliambiwa nini kabla ya maandishi kuanza. Maelezo yakikataliwa hapo, yanaondoka kabisa kwenye ushahidi. Yakipokelewa, bado yatapimwa dhidi ya vitu visivyosema uongo kwa uchovu wala kwa hofu, yaani damu, alama za vidole, silaha, nguo na majeraha.

Kuna kesi moja ambayo ningependa kila ndugu aliye katika hali yako aijue. Asubuhi ya tarehe 7 Septemba 1988, katika jimbo la New York, Marekani, kijana wa miaka 17 aitwaye Martin Tankleff alipiga simu ya dharura akisema amemkuta baba yake akivuja damu. Mama yake alikuwa amekwisha kufa chumbani. Ilikuwa siku ya kwanza ya mwaka wake wa mwisho wa shule ya sekondari. Polisi walimchukua na kumhoji kwa saa kadhaa bila wakili, na alipoendelea kukana, mpelelezi mmoja alijifanya kupokea simu, kisha akarudi na kumwambia kwamba baba yake amezinduka hospitalini na amemtaja yeye kuwa ndiye aliyewashambulia. Ulikuwa uongo mtupu, kwani baba yule hakuzinduka hata mara moja na alifariki mwezi uliofuata. Lakini kijana aliamini kwamba baba yake hawezi kusema uongo, akaanza kujiuliza kama huenda alifanya jambo asilolikumbuka, na kutokana na maneno hayo mpelelezi akaandika maelezo ya kukiri. Tankleff hakuyatia saini, na muda mfupi baadaye aliyakana. Vifaa vilivyotajwa katika maelezo hayo kuwa ndivyo vilivyotumika havikukutwa na damu. Hata hivyo, mwaka 1990 alitiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha miaka 50 hadi maisha. Hukumu hiyo ilitenguliwa na mahakama ya rufaa Desemba 2007, akiwa ameshakaa gerezani zaidi ya miaka 17, na mwaka uliofuata mashtaka yakafutwa. Baadaye alisomea sheria, na leo ni wakili.

Sisemi kwamba mpwa wako ni Tankleff mwingine. Ninachosema ni kwamba neno "amekiri" lisikufunge mdomo wala lisikufunge macho kabla hujajua lilipatikanaje. Huko Marekani Mahakama Kuu ya nchi iliwahi kuruhusu polisi kumdanganya mtuhumiwa katika mahojiano, katika uamuzi wa mwaka 1969, na hadi mwaka 2021 hapakuwa na jimbo lililopiga marufuku udanganyifu huo kwa watoto. Illinois na Oregon ndiyo yaliyotangulia. Wakili wenu anapaswa kuuliza mapema kabisa kama mahojiano yalirekodiwa, na kama yalirekodiwa yote tangu neno la kwanza, kwa sababu mkanda unaoanzia pale mtoto anapokiri hauonyeshi alifikishwaje hapo.

Jambo la pili ndilo linalonigusa zaidi katika kesi hizi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 40, unataka mtoto anayetuhumiwa aelezwe mashtaka yake, inapofaa kwa kupitia wazazi au walezi wake, apewe msaada wa kisheria, na asilazimishwe kutoa ushahidi wala kukiri kosa. Karibu ulinzi wote wa mtoto mbele ya dola umejengwa juu ya dhana kwamba nje ya mlango wa kituo cha polisi yuko mzazi anayegonga. Kwa kijana anayetuhumiwa kuwaua wazazi wake, mzazi huyo ndiye marehemu. Ndugu waliobaki wamo katika matanga, wengine wana hasira, na hakuna anayegonga. Mtoto huyu ni yatima siku ileile anayokuwa mtuhumiwa, na hilo ni kweli awe alitenda au hakutenda. Kwa hiyo ukimtafutia wakili hujatoa hukumu yoyote juu ya usiku ule. Umeliziba tu pengo ambalo sheria yenyewe haikulitarajia.

Kuhusu umri, kinachotazamwa kwa kawaida ni umri wake siku ya tukio na si siku ya hukumu, kwa hiyo tafuteni cheti cha kuzaliwa sasa hivi, kabla nyumba haijafungwa au nyaraka hazijapotea. Kifungu cha 37 cha mkataba huohuo kinakataza adhabu ya kifo, na pia kifungo cha maisha kisicho na uwezekano wa kuachiwa, kwa makosa yaliyotendwa na aliye chini ya miaka 18. Hata Marekani, ambayo haijauridhia mkataba huo, ilifuta adhabu ya kifo kwa watoto mwaka 2005, na mwaka 2012 ikakataza sheria zinazomlazimisha jaji kumpa mtoto kifungo cha maisha bila nafasi hiyo. Kama atapelekwa mahakama ya watoto au ya watu wazima kunategemea sheria ya nchi yenu, na hilo wakili atawajibu kwa dakika tano.

Karani Mstaafu alijibu:

Ninakubaliana na mengi aliyoyasema mwenzangu, lakini nilikaa mbele ya meza ya jaji, nikiwa karani wa mahakama, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ningependa kuwasemea wawili ambao hawataitwa kizimbani.

Katika kesi hizi marehemu hugeuka kuwa washtakiwa. Utetezi ukiona kwamba hauwezi kukana tendo, hugeukia sababu yake, na sababu inayotafutwa kwanza ni kwamba wazazi walikuwa wakatili. Mara nyingine ni kweli. Mtafiti wa makosa ya jinai Kathleen Heide, aliyechunguza kesi za watoto waliowaua wazazi, aliwagawa katika makundi makubwa matatu: walioteswa vibaya kwa muda mrefu, wenye ugonjwa mkali wa akili, na wale wenye tabia sugu ya kuvunja sheria na kuwadhuru wengine. Anayesikiliza kesi hana namna ya kujua mapema yuko mbele ya kundi gani, na hapo ndipo maneno ya ndugu yanapokuwa na uzito kuliko wanavyodhani.

Mnawakumbuka ndugu wawili wa Menendez, Lyle na Erik, waliowaua wazazi wao Beverly Hills tarehe 20 Agosti 1989, mdogo akiwa na miaka 18 na mkubwa 21. Hawakukana kuua, walisema baba yao aliwadhulumu kingono na kwamba waliogopa kuuawa. Katika kesi ya kwanza kila mmoja alikuwa na jopo lake la waamuzi raia, na mapema mwaka 1994 majopo yote mawili yalishindwa kukubaliana. Katika kesi ya pili jaji alibana ushahidi kuhusu dhuluma hiyo, na mwaka 1996 wakatiwa hatiani na kupewa kifungo cha maisha bila uwezekano wa kuachiwa. Mei 2025 adhabu hiyo ikapunguzwa kuwa miaka 50 hadi maisha, na Agosti mwaka huohuo bodi inayoamua kama mfungwa aachiwe ikakataa kuwaachia wote wawili. Zaidi ya miaka thelathini imepita, na bado kinachobishaniwa ni kile kilichokuwa kikitokea nyuma ya mlango wa nyumba moja.

Kwa hiyo, ndugu Mjomba, ukiitwa, sema ulichokiona kwa macho yako na ulichokisikia kwa masikio yako. Kama shemeji yako alimpiga kijana mbele yako, sema, hata kama ukoo utanuna. Kama hukuona, usimzushie marehemu ili kumwokoa aliye hai. Usimpambe dada yako pia, kwa maana mahakama inayosikia sifa tupu haijifunzi chochote kuhusu nyumba aliyokulia mtoto.

Afisa Ustawi alijibu:

Kaka yangu, pole. Kazi yangu ni kukaa na watoto wanapohojiwa, kwa hiyo nitajibu swali lako la tatu.

Usiwe shahidi na mlezi wa mahojiano kwa wakati mmoja. Huko Uingereza mwongozo wa polisi unaeleza wazi kwamba mtu mzima anayekaa na mtoto wakati wa mahojiano asiwe shahidi, mwathirika wala mhusika katika jambo hilo. Wewe ni ndugu wa marehemu na huenda ukawa shahidi, kwa hiyo mtafutieni mwingine: ndugu wa mbali anayeaminika, mwalimu, au afisa wa ustawi. Wewe baki na wakili, nguo, madaftari na kuhudhuria kila siku kesi inapotajwa. Nimeona kesi ambamo nyuma ya mshtakiwa palikuwa na benchi tupu tangu mwanzo hadi hukumu.

Nikueleze jambo moja nililoliona ili ujue cha kumwambia wakili. Kijana mmoja aliletewa maelezo yaliyoandikwa na askari, akatia saini kila ukurasa bila kusita. Nikamwomba asome kwa sauti aya ya pili. Alifika kwenye maneno "kwa kudhamiria" akasimama, akaniuliza maana yake. Saini yake ilikuwa tayari iko chini ya maneno hayo. Wakili wenu na amuulize mpwa wako maana ya kila neno zito lililomo katika maelezo yake.

Sasa binti wa miaka tisa. Usimhoji. Najua hamu inakuzidi, na najua bibi na mama wadogo watataka kumuuliza kila wanapokuja kutoa pole, lakini mtoto wa umri ule anayeulizwa jambo moja mara nyingi huanza kubadilisha jibu, kwa kudhani la kwanza lilikuwa na kosa. Ushahidi wake unaweza kuharibika hivyo, na yeye akaumia zaidi. Ahojiwe na mtu mwenye mafunzo, mara chache iwezekanavyo, na kurekodiwa. Akianza kuzungumza mwenyewe, msikilize, usimsahihishe, kisha andika maneno yake jinsi yalivyo, na tarehe.

Mjomba Mtu aliandika:

Nimesoma kila neno, nanyi nyote nawashukuru. Leo asubuhi nilikuwa nimepanga kumuuliza binti, sasa sitamuuliza. Kuna jambo jingine ambalo niliona aibu kulitaja. Baadhi ya ndugu wameanza kusema kwamba ninamtetea kijana kwa ajili ya nyumba na shamba. Pia nimeruhusiwa kumtembelea mahabusu wiki ijayo, nami sijui nimwambie nini.

Mtetezi wa Watoto alijibu:

Mali isikuumize kichwa. Kanuni kwamba muuaji hamrithi aliyemuua ni ya zamani na imeenea. Uamuzi wake maarufu ni wa New York mwaka 1889, na mhusika alikuwa kijana aliyemuua babu yake kwa sumu akiwa na miaka 16 ili wosia usibadilishwe, alinyimwa urithi. Akitiwa hatiani, kwa kawaida hatarithi. Akiachiwa, ni mtoto wa marehemu kama mdogo wake. Waombeni mahakama iteue msimamizi wa mirathi asiye wa upande wowote, na wewe usikubali kuwa msimamizi. Maneno ya ndugu yatakosa pa kushika.

Kuhusu ziara, usizungumze naye habari za usiku ule hata kidogo, na akianza, mzuie kwa upole umwambie maneno hayo amwekee wakili. Mazungumzo ya mahabusu yanaweza kusikilizwa au kurekodiwa, na wewe, tofauti na wakili, unaweza kulazimishwa kuyarudia mahakamani neno kwa neno. Muulize kama amelala, kama anaumwa mahali, kama kuna anayemtisha mle ndani. Mwambie mdogo wake yuko kwako na ni mzima. Mwambie siku na saa atakayokuja wakili, na uhakikishe wakili anakuja saa hiyohiyo.