Nanaa na kotmiri zinaniharibikia, nizihifadhi vipi?

Mama Langoni: Asalaam aleikum. Hapa Lamu nina madebe manne uani: nanaa, kotmiri, mrehani, mchaichai. Masika imeyastawisha kuliko tunavyokula. Juzi nilianika nanaa darini juani. Jioni imekuwa rangi ya udongo, harufu hakuna. Iliniuma. Friji yangu ni ndogo.

Bibi wa Shela: Waaleikum salaam mwanangu. Jua ndilo lililokula harufu. Kata asubuhi umande ukishakauka, funga vishada vyembamba, ning'iniza kichwa chini chumbani penye upepo na kivuli. Hewa yetu ina unyevu, kwa hivyo siku ya mwisho pasha majani kwenye sufuria iliyokwisha kuepuliwa. Yako tayari ukiyafinya yakalia kama karatasi. Tia chupani mazima, usiyasage mpaka siku ya chai. Mchaichai vivyo hivyo, lakini ukate vipande kwanza.

Kotmiri usiikaushe! Hubaki nyasi tu. Ikatekate, tia kwenye trei ya barafu na maji kidogo, igande. Kipande kimoja chatosha mchuzi wa samaki.

Kaka wa Malindi: Mrehani nao usage na mafuta, ugandishe vilevile. Usiuache ndani ya mafuta kabatini, tafadhali. Humo hamna hewa, na vijidudu vya sumu ya botulizimu hupenda hapo.

Mama Langoni: Na umeme ukikatika, Bi?

Bibi wa Shela: Kotmiri ipange kwa tabaka za chumvi kwenye chupa, ikae frijini; umeme ukikatika, chumvi ndiyo itakayoihifadhi. Ukipika, chumvi nyingine usitie mpaka uonje.