Pesa ya kanivo: kila parseli ilipe, ao tungoje komini?

Papa Mapasa
Bandugu ba kartie, habari ya leo. Kwa wenye hawakufika Jumamosi: komite imekata kila parseli (kiwanja) itoe franka 15.000 ya kuchimba kanivo, mufereji ya mayi ya mvua, kuanzia kwa soko mpaka chini ku daraja ya miti, na mwenye hatatoa hatachota tena mayi ku foraji, kile kisima ya kartie. Mvua itaanza Novemba na tuko mwisho wa Septemba. Mwaka jana mayi iliingia mu nyumba tatu za avenyu yetu, mama moja aliamka usiku akakuta sufuria inaelea karibu na kitanda ya mutoto. Mimi naona tulipe. Kuna wenye kusema ni kazi ya komini, ile serikali ya hapa kwetu. Munawaza nini?

Mwalimu wa Kamalondo
Papa Mapasa, heshima yako. Kuchanga kwa hiari hakuna shida, lakini kufungia mtu maji hapana. Sheria ya Oktoba 2008 iko wazi: yenye kujitawala ni mji, komini, sekta na shefri (utawala wa chifu). Kartie ni sehemu ya komini tu, haiwezi kukata kodi wala kutoa azabu. Pale tunaponunua kitansi (stakabadhi) ya komini kila mwaka, kanivo njo iko ndani.

Yaya Mado
Mwalimu iyo sheria ni ya kweli, lakini mayi haisomi sheria, inaingia tu. Miye nitalipa. Na konstitisyo ilisema asilimia 60 ya pesa ibakie mu provensi, iko wapi?

Mwalimu wa Kamalondo
Ni 40, yaya. Kifungu cha 175.

Fils ya Avenyu
Tulipe tumalize. Na tena bapangaji baache kusema sana mu mukutano, Jumamosi balitupotezea saa mbili nzima. Mupangaji ni mugeni, kesho anabeba matela anaenda zake. Mwenye parseli njo analipa, njo anasema.

Milango Mbili
Weye Fils, hilo neno limeniuma na sitalipitisha. Niko mupangaji hapa miaka 9, nilitoa garanti ya miezi sita mbele ya kuingia, batoto bangu babili balizaliwa hapa. Ku salongo (kazi ya pamoja) ya Julai tulikuwa batu kumi na nne, nilihesabu kwa kidole, na kati yetu bapangaji walikuwa kenda. Mwenye nyumba yangu anaikala mjini, hajawahi kuona ile shimo yenye imekula udongo mpaka mizizi ya muembe iko inje kama vidole. Mimi njo naruka ile shimo kila asubui na ndoo ku kichwa. Desemba 2023 tulichagua bakonseye (madiwani) ba komini, nilipiga kura mu shule ya hapa hapa, na hakuna mwenye aliniomba fishi ya parseli mbele ya kunipa karatasi. Sasa kwa kanivo njo nitanyamaza?

Fils ya Avenyu
Usinilishe maneno. Sikusema unyamaze, nilisema mwenye kulipa njo anakata.

Milango Mbili
Ulisema «mugeni», rudi usome. Na nani analipa? Mwenye nyumba wangu alinipigia Jumapili, ile 15.000 ameitia ku loyer, feza ya kupanga nyumba, ya Oktoba. Inatoka mu mufuko yangu, jina inaandikwa ya kwake.

Mama wa Makala
Batoto, tupunguze moto. Lakini Fils, hilo neno mugeni mu mji huu tulipime kwanza mbele ya kulitoa. 1992 nilikuwa binti, nilipita ku stesheni ya treni ya Likasi nikaona batu ba asili ya Kasai bamelala inje na masanduku, majuma na majuma, kwa sababu waliambiwa hapa si kwao, na wengi walizaliwa hapa. Kulikuwa mama alikuwa anapikia batoto ku mafiga matatu kando ya reli, mvua ikimunyeshea. Sijamusahau. Ilianza na neno tu.

Fils ya Avenyu
Mama, pardo. Sikuwaza kabila hata kidogo, nilisema juu ya parseli. Hilo neno nalirudisha.

Fundi Bonde
Nimejenga kanivo mingi hapa Lubumbashi, upande wa komini ya Ruashi na Kampemba. Hii yenu inaishia ku daraja ya miti. Mule chini hakuna pa kumwagia, ile kijito imejaa plastiki na michanga. Mukileta mayi ya juu yote kwa nguvu mpaka pale, nyumba zenye kuwa karibu na daraja zitaenda na mvua ya kwanza. Muanze chini, mufungue kijito, kisha mupande.

Yaya Mado
Fils amefanya muzuri kurudisha neno. Lakini na bapangaji bamoja banaharibu, kule kwetu moja alihama na deni ya foraji ya miezi mitatu.

Milango Mbili
Yaya, na bamwenye parseli benye hawajalipa tangu foraji ifunguliwe? Tuwaweke wote ku meza.

Papa Mapasa
Jambo moja na mimi linaniuma. Ile pesa ya kabini ya umeme tuliyotoa miaka miwili imepita, kitansi ilikuwa karatasi ya kaye ya mutoto wa shule, bila kashe (muhuri), na hesabu hatujaona mpaka leo. Mara hii naomba majina yote yaandikwe, yabandikwe ku ukuta wa foraji, kila mutu asome.

Mwalimu wa Kamalondo
Hapo nakuunga mkono. Na tumwite konseye wetu wa komini aje kusikia, ndiyo kazi tuliyomchagulia. Ila kufungia watu maji bado nakataa.

Milango Mbili
Jumamosi nitakuja na jembe yangu na 15.000. Jina yangu iandikwe mu ile liste, musitari wake peke yake, si chini ya jina ya mwenye nyumba.

Fils ya Avenyu
Nitaiandika mimi mwenyewe, yaya.

Fundi Bonde
Bado hakuna mwenye amenijibu. Mayi itamwagikia wapi?