Bakapu zisifutwe na virusi vya kudai kikombozi: nizipange vipi?

Swali
Wakuu, naomba mwongozo. Tuna seva moja ya Windows yenye mafaili na hifadhidata ya mauzo, jumla TB 2. Kila usiku bakapu inakwenda kwenye NAS (kifaa cha kuhifadhi data kwenye mtandao wa ofisi) ambayo seva inaiona kama diski Z. Pia kuna folda inayosawazishwa na klaudi. Virusi vya kudai kikombozi (ransomware, vinavyofunga mafaili kwa msimbo na kudai pesa ili yafunguliwe) vikiingia, bakapu hizi zitapona?

Jibu la 1
Hazitapona, mkuu. Kwa virusi, diski Z haina tofauti na diski C. Folda ya klaudi nayo itapandisha mafaili yaliyofungwa juu ya yale mazima, labda uokolewe na matoleo ya zamani kama yamewashwa. Nakala kivuli za Windows (matoleo ya zamani ya mafaili ambayo Windows huyatunza yenyewe) usizitegemee: virusi vingi huzifuta kwa amri ya vssadmin kabla ya kuanza kufunga mafaili.

Jiulize hivi: mwenye nywila ya msimamizi wa seva hii anaweza kufuta nini? Kwako jibu ni kila kitu. Iondoe diski Z. Itoe NAS kwenye domeni (mfumo wa ofisi unaosimamia akaunti za mashine zote pamoja), iwe na akaunti zake na nywila isiyotumika kwingine. Kisha geuza mwelekeo: NAS ndiyo ije kuchukua data kwa akaunti ya kusoma tu, na seva isiruhusiwe kabisa kufika poti 445 ya NAS, yaani mlango wa kushirikiana mafaili ya Windows. Ukurasa wa usimamizi wa NAS uwekee uthibitisho wa hatua mbili.

Jibu la 2
Naongezea upande wa klaudi. Badala ya kusawazisha folda, tumia hifadhi yenye Object Lock (kufuli inayozuia faili kufutwa kwa muda uliopangwa), mfano S3 ya Amazon. Kwenye hali ya Governance, mwenye ruhusa maalumu bado anaweza kuondoa kufuli. Kwenye Compliance hata akaunti kuu haiwezi kufuta toleo lililofungwa mpaka muda uishe, kwa hiyo jaribu kwanza kwa siku 1. Ukikosea ukaandika miaka 10, utailipia.

Kutunza nakala kwa siku 7 hakutoshi. Wavamizi huweza kukaa ndani wiki kadhaa kabla ya kufunga mafaili, na nakala zote za wiki hiyo zikawa na mlango wao wa siri wa kurudi. Weka angalau siku 30, pamoja na nakala za kila mwezi.

Jibu la 3
Msisahau muda wa kurejesha. TB 2 kwa intaneti ya Mbps 50 ni karibu saa 89, hata laini ikiwa yako peke yako. Ndiyo maana diski mbili za nje zinahitajika, zikipokezana kila wiki, moja ikiwa imechomolewa daima. Mwaka 2017 virusi vya NotPetya vilipoipiga Maersk, kampuni ya meli, seva ya domeni iliyopona ilikuwa ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na haikuwa kwenye mtandao.

Bakapu ya hifadhidata itolewe kwa zana ya hifadhidata yenyewe. Ukinakili mafaili yake ikiwa inafanya kazi, nakala inaweza kukataa kufunguka. Kila mwezi irejeshe kwenye mashine isiyo na mtandao na ufungue rekodi za jana yake. Ufunguo wa kufungulia bakapu uchapishe kwenye karatasi, uutunze nje ya ofisi.

Muulizaji
Asanteni sana wakuu. Tukishambuliwa, naanza na diski iliyochomolewa?

Jibu la 3
Ndiyo, ila usiichomeke kwenye mashine yoyote iliyokuwa kwenye mtandao huo. Weka mfumo upya kwenye mashine safi, tengeneza nakala ya diski hiyo kwanza, kisha urejeshe kutoka kwenye nakala.